Sampuli ya Sita

Kwa nje, sampuli ya sita ilikuwa nzuri kuliko zote. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili jijini Pretoria, nikijenga vipande vya metali kwa leza. Mwonzi huyeyusha doa dogo juu ya bamba, unga wa metali hupulizwa humo kwa gesi ya argoni, doa huganda, kisha tabaka jingine hufuata. Kwa njia hii kipande cha injini kilicholika kinaweza kujazwa palipopungua badala ya kutupwa. Unga wangu ulikuwa aloi ya titani yenye asilimia 6 ya alumini na 4 ya vanadi, ile inayotumika sana kwenye ndege.

Niliikata sampuli ile, nikaisugua kwa msasa hadi ikang'aa, nikaiweka chini ya hadubini. Katikati ya matabaka kulikuwa na vitundu. Vitundu vya gesi huwa vya mviringo. Hivi vilikuwa virefu, vyenye ncha kali, dalili kwamba tabaka la juu halikushikana na la chini.

Tano nyingine, za nguvu ileile ya leza na mwendo uleule, zilikuwa safi.

"Iondoe," aliniambia mwenzangu aliyenitangulia. "Pengine unga ulitoka vibaya siku hiyo. Kila mtu ana sampuli kama hiyo."

Nikaiondoa. Jedwali langu likabaki na sampuli tano, na kila tarakimu iliyokuwamo ilikuwa ya kweli.

Je, nilidanganya? Mwenzangu alikuwa na hoja. Ajali hutokea maabara, na mtafiti akijua chanzo chake, anaweza kuitenga sampuli na kueleza kwa nini. Lakini mimi sikujua chanzo. Nilikuwa na "pengine" tu, na sikuichunguza kwa sababu niliipenda ilivyokuwa.

Tena, fundi atakayesoma utafiti huu haulizi kama kipande kinaweza kutoka kizuri. Anauliza ni mara ngapi hutoka kibaya. Metali inayobebeshwa mzigo na kupumzishwa maelfu ya mara huchoka, na ufa hupenda kuanzia kwenye kitundu kama kile, hata kama mzigo wenyewe ni mdogo kuliko ule ambao ungeivunja kwa mara moja. Moja kati ya sita ndilo lilikuwa jibu la swali lake, nami ndilo nililolifuta. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi niliufungua mkakasi, nikaona, nikaufunika tena.

Niliirudisha sampuli ile baada ya wiki mbili. Msimamizi akanitaka nirudie majaribio yote, nikachelewa kuhitimu kwa muhula mzima. Wapo wanaonipongeza kwa hilo, nami huona haya. Katika wiki zile mbili sikukosa usingizi hata usiku mmoja.