Nani Aalikwe Kuzungumza Habari za Kompyuta?

Yako matangazo yanayotupita bila sisi kuyaona, kwa kuwa hayabandikwi kwenye ubao wa kanisa wala hayasomwi redioni. Moja ni tangazo la wataalamu wanaochunguza jinsi binadamu anavyotumia kompyuta. Kila wanapokusudia kukutana hutoa mwaliko kwa watu wote: mwenye neno na alilete, nasi tutalisikiliza. Mikutano ya namna hiyo ilianza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hapa barani kwetu, mkutano wa kwanza ulioitwa kwa jina la Afrika, yaani AfriCHI, ulifanyika Nairobi mwezi wa Novemba mwaka 2016. Wa pili ulifanyika Windhoek, Namibia, mwaka 2018.

Huenda mtu akauliza, "Mambo hayo yanatuhusu nini sisi wa Kibaha na Kisarawe? Sisi tuna mihogo yetu, mikorosho yetu, na basi la kwenda mjini asubuhi." Yanatuhusu sana. Kompyuta siku hizi si lile sanduku la ofisini tu. Simu ya mkononi ni kompyuta. Mashine ya benki inayotoa noti ukutani ni kompyuta. Mita ya umeme inayodai tarakimu 20 kabla ya taa kuwaka ina kompyuta ndani yake. Na kila kimoja kati ya vyombo hivi kimetengenezwa na mtu ambaye aliamua mambo mengi kwa niaba yetu: maandishi yawe makubwa kiasi gani, lugha iwe ipi, mtu apewe muda gani wa kujibu, na akikosea afanyeje. Hayo ndiyo yanayozungumzwa katika mikutano hiyo. Basi, swali letu leo ni la haki: Katika mazungumzo hayo, nani aalikwe? Na je, mwaliko ambao mwalikwa hana njia ya kuuitikia, ni mwaliko kweli?

Tuanze kwa kuwatendea haki wenye mkutano. Mwaliko wao una utaratibu, na utaratibu huo una maana. Anayetaka kusema huandika makala. Makala hiyo hupewa wajuzi wengine waisome, mara nyingi bila kuonyeshwa jina la mwandishi, ili asiwepo wa kumpendelea rafiki yake wala wa kumkomoa mshindani wake. Ikikubaliwa, mwandishi hulipa ada, husafiri, akasimama mbele ya wenzake na kuulizwa maswali. Hii ni njia njema ya kuzuia maneno matupu. Sote tumehudhuria mikutano ambamo kila mtu alisema na hakuna lililoamuliwa.

Lakini sasa mfikirie mama anayeuza mboga Maili Moja. Kila siku wateja humlipa kwa simu, naye kwa simu hiyo hiyo humlipa mwenye gari lililoleta mboga. Ametumia kompyuta ile ndogo kwa miaka mingi, gizani na mvuani, mtoto akiwa mgongoni. Anajua ni wapi humchelewesha, ni wapi humtia hofu, na ni wapi kosa la tarakimu moja limempeleka mwenzake kudai fedha kwa mtu asiyemjua. Hata hivyo makala hizo huandikwa kwa Kiingereza, na mama huyu hana Kiingereza cha vitabuni, hana ada, wala hana nauli ya kwenda Windhoek. Hakuna aliyemkataza kwenda. Lakini hakuna aliyemfikiria alipokuwa akiandika tangazo.

Wako watakaojibu kwamba ndivyo ilivyo kwa kila utaalamu. Mgonjwa hamfundishi daktari dawa, na abiria hamwelekezi fundi namna ya kuunda injini. Neno hili lina uzito, na hatupendi kulipuuza. Kuna ujuzi ambao haupatikani ila kwa kusoma, na kumsifu mtu asiyesoma kana kwamba anajua kila kitu ni kumdanganya. Lakini daktari asiyemwuliza mgonjwa panapouma atatibu ugonjwa mwingine. Uko ujuzi wa kutengeneza, na uko ujuzi wa kutumia, na huu wa pili haufundishwi chuoni. Wazee wetu walikwisha kusema: kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake.

Tutoe mfano wa jambo ambalo sote tulilipitia. Tarehe 1 Mei 2019 nchi yetu ilianza usajili wa laini za simu kwa alama za vidole. Mwisho wake uliwekwa tarehe 31 Desemba mwaka ule, kisha ukasogezwa hadi tarehe 20 Januari 2020. Nia ilikuwa njema, kwani matapeli walikuwa wakijificha nyuma ya laini zisizo na mwenyewe. Lakini vidole vya watu si sawa. Vidole vya mtu wa jembe, vya mponda kokoto, na vya mwanamke anayemenya na kutwanga muhogo miaka arobaini, hulika ngozi na mistari yake hufifia. Vya wazee navyo hufifia kwa umri. Jambo hili linajulikana kila mahali duniani penye mashine za kusoma vidole. Basi mtu anayefahamika kijiji kizima, tena ana kitambulisho chake mkononi, aweza kuambiwa na mashine kwamba hatambuliki, na sababu yenyewe ni kazi yake ya halali. Akiondoka pale hujiona mwenye hatia, ajifute vidole na kujaribu tena. Kumbe kasoro si yake. Kasoro ni ya chombo kilichojifunza binadamu kwa vidole vilivyozoea kalamu.

Tutazame pia namba ya siri. Aliyebuni namba hiyo alidhani kwamba kila mtu ana simu yake, macho yake yanaona, na siri yake ni yake peke yake. Katika nyumba zetu, simu moja huweza kutumiwa na watu watatu. Bibi asiyeona vizuri humtajia mjukuu namba yake ili amsaidie, au humtajia wakala. Siku fedha zikipungua, bibi huambiwa, "Kosa ni lako, ulitoa siri." Kwa kanuni ni kweli. Lakini je, ni haki kumpa mtu chombo ambacho hawezi kukitumia bila kuvunja kanuni yake, halafu kumlaumu kwa kuivunja? Na hasara si ya fedha tu. Hapo huingia shaka kati ya bibi na mjukuu, na shaka ikiingia katika nyumba haitoki upesi.

Wala tusidhani kwamba neno la mtumiaji haliwezi kubadili kitu. Mwaka 2005 huko Kenya ilianza kujaribiwa njia ya kulipia mikopo midogo kwa simu. Watu waliopewa kuijaribu hawakuishia kwenye mikopo. Walianza kutumiana fedha wao kwa wao, ndugu kwa ndugu. Wenye mradi waliona jambo hilo wakalikubali. Huduma ilipofunguliwa kwa watu wote mwezi wa Machi mwaka 2007, kwa jina la M-Pesa, kazi yake kubwa ilikuwa kutuma fedha nyumbani. Mwaka 2008 ikaingia Tanzania. Watu wale hawakuandika makala, wala hawakualikwa mkutanoni. Walisema kwa matendo, na ikatokea kwamba palikuwa na mtu wa kuwatazama. Lakini haki isingoje bahati ya namna hiyo.

Nchi yetu yenyewe ina mafunzo yake. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni, na masharti hayo yalikuja kulegezwa baadaye. Hatusemi kwamba uamuzi ule haukuwa na sababu. Vyombo vile vilikuwa ghali, na wa kuviendesha walikuwa wachache. Tunachotaka kionekane ni hiki: kuleta chombo bila kumwuliza atakayekitumia, na kukizuia bila kumwuliza, ni mambo mawili yenye shina moja. Kote kuwili mwananchi hupokea tu.

Iko njia bora, na mfano wake tunao katika historia ya Kanisa letu. Edward Steere, ambaye baadaye alikuwa Askofu, alipofika Unguja hakuanza kwa kuwatungia Waswahili lugha yao. Alikaa na wenyeji akasikiliza, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha hadithi kama zilivyosimuliwa na wenyeji wa Unguja. Kutoka katika kazi ile ya wamisionari wa UMCA kilikuja chuo cha Kiungani, nacho katika miaka ya 1920 kikahamishiwa Minaki, hapa Kisarawe. Vilevile, mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika mradi wa Kilinux walitoa programu za ofisini zilizozungumza Kiswahili. Kazi hiyo iliwalazimu kuuliza jambo moja kila mara: neno hili, mtu wa kawaida atalielewa? Anayeuliza hivyo amekwisha kumwalika mtumiaji, hata kama hajamtumia barua.

Basi, tunawaomba nini wanaoitisha mikutano hii? Kwanza, wakubali ushahidi ulioandikwa kwa Kiswahili, au uliosemwa na kunaswa kwa sauti, kisha wao wenyewe wagharimie kuufasiri. Pili, walete sehemu ya mkutano mahali watu walipo. Hapa Kibaha lipo Shirika la Elimu, lililotokana na mradi wa mwaka 1963 kati ya nchi yetu na nchi za Nordiki, likakabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970. Lilijengwa ili shule, hospitali na mafunzo ya wakulima viwe pamoja, kupambana na ujinga, maradhi na umaskini. Mahali kama hapo, msomi na mkulima waweza kuketi benchi moja bila yeyote kuona haya.

Tatu, na hili ni zito, wasituvune. Tumezoea kuona mtafiti akija na karatasi ya maswali, akaandika majibu, akaenda zake akapata shahada, na kijiji hakisikii tena habari zake. Mtu akitoa neno lake, arudishiwe jibu: lilifika wapi, na lilibadili nini. Siri zake nazo zilindwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inadai hivyo, na hata bila sheria, adabu inadai.

Nasi tunao wajibu. Mara nyingi mashine inapotushinda tunasema "mtandao uko chini," tunacheka, tunarudi nyumbani. Au tunaona aibu, tunanyamaza, tusije tukaonekana washamba. Ukimya huo ni hasara kwa jirani, kwa maana kesho naye atakwama mahali pale pale. Asiyesema panapomuuma hawezi kumlaumu sana asiyejua. Lakini malalamiko ya jumla nayo hayasaidii. Kusema "mashine hizi mbaya" hakumfundishi mtengenezaji kitu. Ushahidi wenye faida husema: siku fulani nilitaka kufanya jambo hili, mashine iliandika maneno haya, nilielewa hivi, nikabonyeza hapa, yakatokea haya. Mtu yeyote mkweli aweza kutoa ushahidi wa namna hiyo, awe amesoma au hakusoma.

Hapa ndipo vijana wetu wanaosoma Minaki, Kibaha na vyuoni wanapohitajiwa. Mikutano ya namna hii hupokea makala ndefu na fupi, na hata maonyesho ya vitu vilivyotengenezwa. Kijana aweza kukaa na mama yake jioni, akamtazama anavyotumia simu, akaandika alichokiona bila kukipamba. Aliweke jina la mama yake penye shukrani, kama mama atapenda, maana ujuzi ule si wa kijana peke yake. Na asiwe na haraka ya kumwambia, "Mama, si hapo, ni hapa!" Pale mama aliposita ndipo penye habari.

Ndugu wasomaji, chombo kikiamua kama mzee atapata fedha zake, kama simu ya mjane itabaki hewani, au kama mgonjwa atapatikana kwenye orodha ya dirishani, basi namna kilivyoundwa si jambo la mafundi peke yao. Kumwuliza mtumiaji si hisani. Ni haki yake, kwa kuwa gharama ya kosa hulipwa na yeye. Kwa hiyo mwaliko ukitoka tena, tusiseme si wetu. Mwenye neno na aliandike; asiyeweza kuandika na amwambie kijana wake amwandikie, kisha asomewe kabla halijatumwa, ili awe na hakika kwamba ni neno lake.