Tumaini Lisilongoja Msamaha

Wahubiri wengi hufundisha kwamba aliyedhulumiwa hapati tumaini mpaka asamehe. Historia ya Kigali inanifanya nikatae. Januari 1995, miezi sita tu baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi kukomeshwa, wajane walionusurika waliunda chama cha AVEGA Agahozo. Mahakama za kijamii za Gacaca, zilizokuja kuwahukumu washukiwa wa mauaji hayo, zilikuwa hazijaanzishwa, na wauaji wengi walikuwa wamekimbilia Zaire bila kukiri lolote. Angesamehewa nani, kwa kosa gani aliloungama? Hata hivyo wajane hao walilea yatima, wakatafuta makazi, na baadaye wakawahangaikia dawa wenzao walioambukizwa virusi vya UKIMWI kwa kubakwa. Tumaini nalionea hapo, katika kazi iliyofanywa kabla moyo haujatulia.

Mkristo atanikumbusha kwamba Yesu aliagiza kusamehe saba mara sabini. Ni kweli, lakini agizo hilo liko kati ya mtu na Mungu wake. Halimpi kasisi wala serikali haki ya kumdai mjane msamaha. Tena linakwaruza masikio likitoka madhabahuni, maana huko Ntarama na Nyamata, kusini mwa Kigali, watu waliuawa ndani ya makanisa. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kusifu ustahimilivu wa wajane huwapunguzia wakosaji deni wanalodaiwa. Hilo nalikubali bila kusita. Gacaca zilipofungwa mwaka 2012, fidia nyingi za mali zilizoamriwa zilikuwa hazijalipwa, na yatima wa 1994 walikuwa tayari watu wazima.