Barua ya ushuru haifichwi kabatini

Jirani yangu ni mama mtu mzima. Alitandika vitanda vya watalii kule Watamu tangu ujana wake mpaka hoteli aliyoifanyia kazi ikafunga milango. Kiitaliano kinamtoka bila kusita, kama wengi wa rika lake hapa Malindi. Kiinua mgongo chake hakukila. Alinunua kiwanja Muyeye, akajenga vyumba vya kupangisha, mabati juu na choo uani, na leo kodi ya wapangaji ndiyo inayomlisha yeye na wajukuu. Wiki hii aliniita kwake. Alifungua kabati, akainua rundo la leso, akatoa karatasi iliyokunjwa.

"Mwanangu, nisomee. Huyu kijana aliyenisomea mwanzo labda hakuelewa."

Kijana alikuwa ameelewa. Ilikuwa notisi ya Mamlaka ya Mapato, KRA, kuhusu ushuru wa mapato ya nyumba, miaka ya nyuma, na chini yake faini na riba. Ilikuwa imetumwa kwa barua pepe, na anwani yenyewe haikufunguliwa na mama. Aliifungua kijana wa saiba siku aliyomtengenezea PIN ya ushuru, na neno la siri analo yeye mpaka leo. Ndiye aliyeichapisha akamletea. Nilitazama tarehe iliyokuwa juu: Machi 2025. Hapo ndipo moyo uliponiuma, na sababu nitaieleza.

"Niliogopa," mama akaniambia. "Nikasema nikinyamaza, watanisahau."

Woga wake nauelewa. Ambacho hakijanitoka kichwani wiki nzima ni ushauri aliokusanya tangu siku hiyo. Mmoja amemwambia atoe pesa zote benki. Mwingine amemshauri aandikishe vyumba kwa jina la mjukuu. Wa tatu, mtu anayevaa shati safi na kujiita mshauri, amemwomba shilingi 15,000 kwa ahadi kwamba ana mtu wake ndani atakayelifuta deni kwenye kompyuta. Na yule wa saiba, miaka yote hiyo amekuwa akimjazia ritani ya sufuri, akichukua ada yake na kumwambia, "Mama, uko sawa." Sufuri! Kwa mtu ambaye wapangaji wanamlipa kila mwezi. Hakumwuliza hata swali moja.

Hesabu zake sizitaji, ni siri yake. Tuchukue mfano wa mtu mwingine yeyote mwenye vyumba vinane, kila kimoja shilingi 4,000. Kwa mwezi ni 32,000, kwa mwaka 384,000. Sheria inasema mwenye nyumba anayepata zaidi ya 288,000 kwa mwaka, mpaka milioni 15, awasilishe ritani ya kila mwezi na kulipa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Hadi mwisho wa 2023 kiwango kilikuwa asilimia 10. Tangu 1 Januari 2024 ni asilimia 7.5. Kwa hiyo mwaka wa 2023 mtu wetu alitakiwa kulipa 3,200 kwa mwezi, jumla 38,400 mwaka mzima. Sasa tuseme hakulipa wala hakuwasilisha. Faini ya kutowasilisha kwa mtu binafsi ni 2,000 au asilimia 5 ya ushuru, ile iliyo kubwa. Ni 2,000 kwa kila mwezi aliokosa, basi 24,000 kwa mwaka huo. Ongeza asilimia 5 ya kuchelewa kulipa, 1,920. Ongeza riba ya asilimia 1 kila mwezi, ambayo kufikia katikati ya 2025 imepita 8,000. Nyongeza zote pamoja zinakaribia ushuru wenyewe, na sehemu kubwa imetokana na kutojaza fomu. Mtu huyu angejaza ritani zake kila mwezi hata bila senti mkononi, zile 24,000 zisingekuwapo.

Sasa ile tarehe. Bunge lilipitisha msamaha wa faini na riba katika Sheria ya Fedha ya 2023, ukaanza Septemba 2023 hadi 30 Juni 2024. Ukafunguliwa tena 27 Desemba 2024 na kudumu hadi 30 Juni 2025, kwa madeni ya hadi mwisho wa 2023. Masharti yalikuwa mepesi kueleza: lipa ushuru wenyewe, faini na riba za miaka hiyo zifutwe. Mtu wetu wa vyumba vinane angelipa 38,400 ya mwaka ule na kumaliza. Karatasi ya jirani yangu ilifika mikononi mwake Machi 2025, msamaha ungali wazi. Ilikaa chini ya leso Aprili, Mei, Juni. Tarehe 1 Julai ilipofika, faini zote zilikuwa zimesimama pale pale, na tangu 2023 njia ya zamani ya kumwomba Kamishna wa ushuru asamehe faini imebanwa sana. Pesa ambazo mama huyu atalipa sasa zingetosha kumsomesha mjukuu. Hakuzipoteza kwa ubishi wala kwa ujanja. Zimepotea kwa sababu alikuwa peke yake na karatasi ambayo hakuna aliyemweleza.

Najua kuna msomaji anayenuna akifika hapa. Namsikia kila siku barazani. "Wewe unatuambia tulipe, pesa zenyewe zinaliwa. Soma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Na sisi ni wajukuu wa Mekatilili, kodi ya Mzungu tuliikataa, hii tutaikubalia wapi?" Mwingine huleta neno zito zaidi: "Serikali ilikuwa wapi Shakahola?"

Nianze na Shakahola, maana ni jeraha letu na halijafunga. Swali hilo ni la haki. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu huo ulio nyuma yetu hapa, na serikali iliyopaswa kujua haikujua, au haikutaka kujua. Sitaitetea. Lakini nakumbuka pia waliofukua. Walikuwa polisi, wapasuaji maiti wa serikali, wahudumu wa chumba cha maiti cha hospitali yetu ya umma hapa Malindi, watu waliofanya kazi ile siku baada ya siku wakilipwa kwa ushuru huu huu. Ukitaka serikali isiyolala, huwezi kuipata kwa kuinyima mshahara wa muuguzi.

Kuhusu wizi, nakubaliana nawe. Lakini tazama anayebeba mzigo mtu mwenye nyumba anapojificha. Mwalimu aliyepanga kwake hana kabati la kuficha. Mshahara wake hukatwa ushuru kabla haujamfikia, ukakatwa asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA na asilimia 1.5 ya nyumba za serikali, kisha katika masalio anatoa kodi ya chumba. Anapomlipa mwenye nyumba ambaye ritani zake ni sufuri, mwalimu amelipa kwa ajili ya wote wawili. Mwizi wa Nairobi hajaguswa hata kidogo.

Na Mekatilili? Naomba tusimtumie vibaya. Bustani yenye jina lake iko hapa hapa mjini, tunapita mbele yake tukienda sokoni. Mwaka 1913 mama yule alisimama hadharani. Aliwakusanya Wagiriama, akawaapisha Kaya Fungo, akakataa ushuru wa vibanda na vijana wao kuchukuliwa kwenda kufanya kazi za wakoloni. Walimkamata pamoja na mwenzake Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka mbali mpaka Kisii, naye akatoroka akarudi. Mwaka 1914 Waingereza wakaulipua mlango wa kaya kwa baruti na kuwatoza Wagiriama faini ya rupia 100,000. Watu wale walijua wanalipa gharama gani, na waliilipa uso kwa uso. Hawakujaza sufuri kwa siri.

Tuna mfano wa karibu zaidi. Juni 2024 vijana waliukataa Mswada wa Fedha barabarani, wengine wakaaga dunia, na tarehe 26 Rais alitangaza kwamba hatautia saini. Huko ndiko kukataa ushuru kunakoeleweka. Ukiona kiwango ni cha dhuluma, sema, andamana, mwandikie mbunge wako wa Malindi au Magarini, mpigie kura mwingine. Kujificha hakujawahi kumwondolea yeyote kiwango hata nusu asilimia. Kunakuongezea faini wewe, basi, na kumtajirisha yule mwenye shati safi.

Lakini KRA nao wana la kusikia kutoka Pwani. Ritani ya mwaka hufungwa 30 Juni. Aliyepanga tarehe hiyo hakuwaza Watamu. Juni ni msimu wa upepo wa kusi. Hoteli zimefunga, wafanyakazi wa msimu wamerudi Ganze na Marafa kulima, mvuvi anaitazama bahari asiweze kutoka, na wapangaji wanamwambia mwenye chumba, "Subiri watalii warudi." Ndiyo miezi ambayo ujumbe wa simu kutoka KRA hushika kasi, na ndiyo miezi mtu wa Kilifi hana kitu. Mtu asiye na kitu, akiletewa notisi, huificha. Sheria inamruhusu kujaza ritani bila kulipa papo hapo, lakini hilo nani kamwambia? Notisi yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Notisi ya deni, inayoweza kumfungia mtu akaunti, ingekuja kwa Kiswahili, jirani yangu angeisoma mwenyewe Machi ile, bila kumngoja mtu.

Tulikwenda naye ofisini kwa KRA. Kabla ya hapo tulimrudisha kijana wa saiba mezani, mama akabadilisha barua pepe na neno la siri, sasa viko mikononi mwa binti yake. Hatua hiyo ilimpa nguvu kuliko maneno yangu yote. Ofisini alionyeshwa leja yake kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, mstari kwa mstari. Anajaza ritani halisi za miezi iliyoachwa, na ameomba kulipa kwa mafungu, jambo ambalo Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 inaliruhusu. Nimemwambia ukweli wote: riba haisimami kwa sababu ya mafungu, na akiruka fungu moja masalio yote yanaweza kudaiwa kwa mpigo. Kwa hiyo amechagua kiasi ambacho hata miezi ya kusi atakimudu. Aliyekadiriwa deni asilolikubali, si lazima alipe kwa kunyamaza. Ana siku 30 za kuandika pingamizi, na akikataliwa kuna Baraza la Rufaa za Ushuru. Siku hizo 30 huhesabiwa hata karatasi ikiwa imefichwa.

Kwa ambaye hakujitokeza kabisa, sheria imempa Kamishna mkono mrefu. Anaweza kuiandikia benki itoe pesa zako. Anaweza kuwaandikia wapangaji wako wailipe KRA kodi ya vyumba badala ya kukulipa wewe. Anaweza kuweka zuio juu ya ardhi yako kwa msajili. Ushauri wa kuhamisha pesa na majina unamwacha mtu katika hatari zote hizo, tena sasa akionekana anaficha mali juu ya kuchelewa.

Ombi langu kwa KRA ni hili: leteni meza Januari na Februari, kaskazi inapovuma na watu wana pesa, Watamu, Gongoni, Mariakani, Marafa, na anayekaa mezani azungumze Kiswahili na akiweza Kigiriama. Andikeni notisi kwa lugha ambayo mdaiwa anaisoma.

Na kwako msomaji mwenye vyumba, mwenye duka, mwenye tuktuk, mwenye PIN uliyotengenezewa ukitafuta kazi na hukuigusa tena: ritani ya mwaka hufunguliwa kila 1 Januari. Asiye na mapato naye anatakiwa kujaza, la sivyo ni 2,000 kila mwaka anaoruka. Ofisini hulipi mtu ili usaidiwe. Malipo yenyewe yanakwenda kwa namba ya malipo inayotoka kwenye mfumo, hayapitii mfukoni mwa mtu yeyote, na ukiombwa pesa mkononi, kataa. Nenda mwezi huu.