Mwanangu, Usiifiche Mikono

Mwanangu, mikono ikitetemeka usiitie mfukoni. Najua una haraka, na jibu unalo tayari: kahawa, kukesha, mawazo ya mitihani. Huenda ni kweli. Kahawa hutetemesha. Njaa hutetemesha. Hata baadhi ya dawa za pumu hutetemesha. Lakini kahawa ikikutoka mwilini, mikono hutulia. Yako isipotulia wiki hadi wiki, hapo pana neno.

Mimi ni fundi cherehani, mikono ndiyo shamba langu. Uzi ulipoanza kukataa kuingia kwenye tundu la sindano, nikasema ni macho, nikanunua miwani. Nguo zikaanza kunipwaya, na sahani nilikuwa namaliza kuliko watu wote nyumbani. Majirani wakanisifu kwa kupungua. Usiku nimelala chali, moyo unakwenda mbio. Jasho linanitoka asubuhi za Juni, na sisi tunakaa Lushoto, ambako mwezi huo watu hujitanda mablanketi. Wako walionong'ona kuwa nakunywa kwa siri. Wako waliosema nimerogwa. Maneno hayo yanauma, mwanangu, na ndiyo yanayowafanya watu wafiche mikono.

Muuguzi mmoja mtu mzima ndiye aliyenitambua. Aliniambia ninyooshe mikono, nitawanye vidole, akailaza karatasi juu yake. Pembe za karatasi zikacheza haraka haraka, mtetemo mdogo ambao kwa macho matupu ungeupita. Kisha akaniuliza habari za usingizi, za choo, za hedhi. Nikashangaa hayo yanahusianaje na mikono. Kumbe yote yalikuwa ya tezi moja.

Tezi hiyo ni thairoidi, imekaa mbele ya shingo, chini ya koromeo. Homoni zake ndizo zinazouambia mwili utumie chakula kwa kasi gani. Zikizidi, mwili mzima unakimbizwa: moyo, tumbo, mishipa ya fahamu, vidole. Mara nyingi chanzo ni kinga ya mwili kuichochea tezi bila sababu. Huo ndio ugonjwa wa Graves, kwa jina la daktari wa Dublin, Robert Graves, aliyeueleza mwaka 1835. Huwapata wanawake zaidi, wengi wakiwa vijana au wa makamo. Usingoje goita itokeze. Shingo yangu haikuvimba.

Si kila mkono unaotetemeka hutetemeshwa na tezi. Ugonjwa wa Parkinson mara nyingi huanzia mkono mmoja, tena ukiwa umepumzika. Mtetemo wa tezi huonekana mikono yote ikinyooshwa. Kuna na mtetemo wa kurithi katika ukoo. Ndiyo maana nakutuma ukapime damu, kipimo cha TSH. TSH ni homoni itokayo kichwani kuiamrisha tezi. Tezi ikizidisha kazi, TSH hushuka.

Sasa subira. Dawa ya propranolol hutuliza moyo na mikono upesi, ila tezi yenyewe haiitibu, na mwenye pumu asipewe. Carbimazole ndiyo huipunguzia tezi kazi, nayo huchukua wiki kadhaa kuonekana, na kwa kawaida humezwa miezi 12 hadi 18. Mimi uzi ulipoingia kwenye sindano tena, niliacha vidonge. Nilijiona nimepona. Ugonjwa ukarudi na nguvu mpya, nikaanza upya tangu mwanzo. Wewe usiache mpaka damu ipimwe na daktari akuruhusu.

Ila lipo jambo moja lisilotaka subira. Ukiwa unameza carbimazole, ukashikwa na homa na koo likauma, usimeze kidonge kingine. Nenda hospitali siku hiyohiyo, uwaambie dawa unayotumia, wapime chembe nyeupe za damu. Ni mara chache dawa hiyo kuziangusha, lakini ikiziangusha, hata maambukizi madogo yanaweza kukuua. Usingoje kesho, mwanangu.