Matusi ya Inboksi na Amana ya Siri

Wengi wanaotukanwa au kutishwa kwa ujumbe wa faragha hunyamaza kwa sababu ya imani yao. Wamelelewa wakijua kwamba siri ni amana na kusengenya ni haramu, basi wanaogopa kuuonyesha ujumbe huo kwa mtu mwingine. Anayeumizwa ni wao, na anayeogopa dhambi ni wao pia.

Hofu hiyo haina msingi. Amana hupokelewa kwa ridhaa. Anayemtumia mwenzake matusi ya nguoni usiku wa manane hakumwekea siri yoyote, amemvamia.

Ama kusengenya, wanazuoni walilizungumza jambo hilo karne nyingi kabla ya simu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 huko Sham, anataja katika Riyadhus Swalihin sababu 6 zinazoruhusu kumsema mtu asiyekuwepo. Ya kwanza ni aliyedhulumiwa kumshtaki aliyemdhulumu kwa mwenye mamlaka. Anataja pia kisa cha Hind binti Utba, aliyemlalamikia Mtume kwamba mumewe, Abu Sufyan, ni bahili na hampi matumizi ya kumtosha yeye na wanawe. Hayo yalikuwa mambo ya ndani ya nyumba. Mtume hakumkemea kwa kuyatoa nje. Alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kuwatosha, kwa wema.

Ila Hind alikwenda kwa mwenye uwezo wa kumsaidia. Kumpelekea msimamizi au polisi picha ya skrini ni kushtaki. Kuirusha kwenye magrupu ili watu wacheke na kutukana ni kuanzisha dhuluma nyingine.

Anayepokea mashtaka naye ana wajibu wake. Katika WhatsApp, anayeripoti huifikishia kampuni hiyo hadi jumbe 5 za mwisho zilizotoka kwa mlalamikiwa, naye hajulishwi. Jumbe 5 zinaweza kuonyesha tusi, lakini haziwezi kueleza ugomvi wa miezi. Ali bin Abi Talib alipotumwa na Mtume Yemen kuwa kadhi, aliagizwa asikate shauri kwa maneno ya upande mmoja kabla ya kuusikia wa pili. Agizo hilo linamhusu kila anayesimamia kundi la watu. Wakati huohuo, kusikiliza pande mbili si sababu ya kumwacha aliyetishwa bila kinga: mtishaji azuiwe kwanza, maelezo yake yafuate.

Sheria za dunia nazo zimesimama upande wa anayeshtaki. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2018 inaadhibu unyanyasaji wa mtandaoni kwa faini isiyozidi shilingi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Tanzania ilikwishautaja kuwa kosa katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitumiwa ujumbe wa namna hiyo usiufute kwa aibu. Uhifadhi pamoja na namba na tarehe yake, kisha umpelekee mwenye mamlaka ya kuuchukulia hatua.