Kujichapia Kitabu: Haki na Wajibu wa Mwandishi

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hurushiwa kila mwandishi chipukizi ambaye, baada ya kukosa mchapishaji, hutoa kitabu kwa fedha zake na kukiuza kwa mkono wake. Sisi walimu, ambao wanafunzi hutuletea madaftari ya mashairi na kutuuliza kama yafaa wauze mbuzi ili wayapige chapa, yatupasa kuwapa jibu la haki.

Mchapishaji hupima mambo mawili: ubora wa mswada na ukubwa wa soko. Hili la pili si kosa kwa mfanyabiashara, lakini si kipimo cha sanaa. Katika nchi zilizo mbali na pwani, ambamo wanunuzi wa vitabu vya Kiswahili ni wachache, mswada mwema huweza kukataliwa kwa sababu ya hesabu tu. Na kungoja nako kuna hasara: Kufikirika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1967, ilhali mwandishi alifariki mwaka 1962.

Walakini, anayejichapia huepa mlango wa mchapishaji, haepi hukumu. Kazi ya mhariri, ya kumwonyesha alipopotoka, sasa imemwangukia yeye mwenyewe. Akizungukwa na jamaa wanaomsifu tu, yatamfika ya mgema aliyesifiwa akatia tembo maji. Msomaji aliyetoa shilingi zake akauziwa makosa amedhulumiwa. Na lugha nayo imedhulumiwa, maana mwanafunzi huyaamini yaliyopigwa chapa.

Tumtazame Walt Whitman wa Marekani. Mwaka 1855 alitoa Leaves of Grass kwa gharama yake, kitabu chenye mashairi 12, na baadhi ya herufi alizipanga kwa mkono wake. Hakukoma hapo. Alikisahihisha na kukiongeza, toleo baada ya toleo, hata ukingoni mwa maisha yake, alipofariki mwaka 1892. Kwake chapa ya kwanza ilikuwa mwanzo wa kazi.

Basi tuwaambie wanafunzi wetu: mbuzi asiuzwe kwanza. Mswada na usomwe na watu watatu wasiomwonea haya mwandishi, mmoja wao mwalimu wa lugha, usahihishwe, ndipo zichapwe nakala chache, kwa kadiri ya wanunuzi waliopo. Na sisi tukubali kuwa wasomaji hao, kalamu mkononi, bila kejeli wala kubembeleza. Tukikataa kazi hiyo, hatuna haki ya kumrushia kijana ile methali.