Mtazame Asiyesema

Tamthiliya ikisomwa darasani, kila mwanafunzi hupewa mhusika wake. Mmoja anakuwa Portia, mwingine Shylock, na wa tatu anasoma maelekezo ya jukwaani kwa sauti ndogo, kana kwamba hayo si sehemu ya kisa. Zamu ikimfikia mtu, anasoma. Akimaliza, anatoka kabisa kwenye mchezo: anatafuta ukurasa atakaposoma tena, au anachungulia nje dirishani. Wenzake nao wameshamsahau. Kitabuni, asiye na maneno hayupo.

Nimefundisha fasihi kwa miaka mingi, na hili ndilo limenifanya niwe mtetezi wa michezo ya jukwaani iliyorekodiwa. Wengi hudhani faida yake ni kuwachangamsha wanafunzi, au kuwarahisishia lugha ngumu. Faida hizo zipo, lakini ni ndogo. Faida kubwa ni kwamba jukwaani mtu akinyamaza haondoki. Mwili wake unabaki pale, macho yake yanatazama, na sisi tunalazimika kujiuliza anawaza nini.

Chukua Mabepari wa Venisi, tamthiliya ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliitolea tafsiri ya Kiswahili mwaka 1969, baada ya kuanza na Julius Caesar mwaka 1963. Wasomaji wengi hukumbuka kesi: Shylock, Myahudi mkopeshaji, anadai ratili ya nyama ya mwili wa Antonio, Portia anajigeuza mwanasheria na kumshinda kwa hoja, Shylock ananyang'anywa mali na kulazimishwa kuwa Mkristo. Anaomba ruhusa aende zake kwa kuwa hajisikii vizuri, na hatumwoni tena. Kisha linakuja tendo la tano: mbalamwezi, muziki, utani wa pete, wapenzi wanacheka. Darasa linafunga vitabu likiwa na furaha.

Lakini kuna mtu katika tendo hilo la tano ambaye msomaji humpoteza. Ni Jessica, binti ya Shylock, aliyemtoroka baba yake na fedha zake ili aolewe na Lorenzo. Mwanzoni mwa tendo anazungumza na mumewe chini ya mwezi. Kisha anatamka kwamba muziki mtamu haujawahi kumchangamsha, na baada ya hapo hasemi tena neno hata moja mpaka mchezo unakwisha. Anakaa kimya zaidi ya theluthi mbili ya tendo zima. Katikati ya kimya hicho inaletwa hati ya kuwapa yeye na mumewe urithi wa baba yake, mali itakayokuwa yao mzee akishakufa. Lorenzo anashukuru kwa furaha. Jessica haandikiwi jibu lolote.

Mwaka 2015, ukumbi wa Globe wa London ulionyesha mchezo huo na kuurekodi. Mwongozaji alikuwa Jonathan Munby. Jonathan Pryce aliigiza Shylock, na Jessica aliigizwa na Phoebe Pryce, ambaye ni binti yake wa kumzaa. Mwishoni, baada ya vicheko vya pete, Munby aliongeza jambo ambalo Shakespeare hakuliandika: Shylock analetwa mbele yetu na kubatizwa kwa nguvu, kwa maneno ya Kilatini, huku Jessica akiomboleza kwa Kiebrania. Unaweza kupinga uamuzi huo. Wapo watakaosema kwamba mwongozaji amemwekea Shakespeare maneno mdomoni, na hoja yao si ya kudharau. Ila hakuna atakayeutazama mwisho huo kisha arudi kitabuni na kusema kwamba Jessica hayupo.

Ndiyo maana siwaonyeshi wanafunzi mchezo mzima mara moja, wala siwaonyeshi kabla hawajasoma. Video ikitangulia, kitabu kinageuka maelezo ya chini ya picha. Tunasoma kwanza. Tunabishana. Kisha nawaonyesha dakika kumi, pengine pungufu, halafu tunarudi kwenye ukurasa uleule. Zoezi ninalolipenda kuliko yote ni kuzima sauti kabisa na kumpa kila mwanafunzi mhusika mmoja wa kumfuata kwa macho, hasa wasiosema. Ukishamfuata Jessica bila sauti, hutajibu tena swali la mtihani kuhusu wahusika kwa ile sentensi ya kwenye pamfleti inayoanza na "Huyu ni msichana mwenye tamaa".

Mara moja binti mmoja wa kidato cha tano aliuliza, "Mwalimu, mbona tumeacha kumwona?" Alikuwa sahihi. Picha ilikuwa imehamia kwenye uso wa mtu mwingine aliyekuwa akizungumza, na mhusika aliyepewa kumfuata alikuwa ametoka nje ya fremu.

Swali lake limebeba udhaifu mkubwa wa michezo hii iliyorekodiwa, na ni lazima usemwe wazi. Ukiwa ukumbini, jicho ni lako. Pale Globe, jengo lililofunguliwa mwaka 1997 kwa mfano wa lile la enzi za Shakespeare, watazamaji mamia husimama uani wakizunguka jukwaa, na kila mmoja huchagua pa kutazama. Kwenye video, amechagua mtu mwingine. Tangu National Theatre ya London ilipoanza mwaka 2009 kurusha michezo yake moja kwa moja hadi kwenye kumbi za sinema, ikianza na Phèdre iliyoigizwa na Helen Mirren, kazi hii imefikia ufundi wa juu: kamera kadhaa, picha za karibu, hata jasho la mwigizaji linaonekana. Uzuri huo una gharama. Kamera humpenda anayesema. Kadiri inavyosogea karibu naye, ndivyo inavyowafuta waliomzunguka.

Mwalimu akilijua hilo, udhaifu unageuka somo. Simamisha picha, uliza: nani hayumo humu ndani? Yuko upande gani wa jukwaa sasa hivi? Unadhani anafanya nini? Vijana wetu wanatazama video kutwa kwenye simu. Sijui mafunzo gani yanayowafaa zaidi ya kuzoea kuuliza nani ameachwa nje ya picha, na ameachwa na nani.

Nalisema hili nikiwa nimeketi kwenye vikao vingi vya ukoo. Kuna kikao kimoja cha kugawa mali ya marehemu ambacho sikisahau. Mashemeji walizungumza mmoja baada ya mwingine kuhusu nyumba, shamba na mashine ya kusaga. Walizungumza kwa adabu, kwa methali, kwa kupokezana vizuri. Mjane alikuwa amekaa mkekani pembeni, na kanga yake ameivuta hadi usoni. Kikao kilikwisha, na katibu alikuwa ameandika kila kilichosemwa. Ukisoma mihtasari ile leo, utadhani mama yule hakuwepo.

Ebrahim Hussein aliujua ukimya wa namna hii. Kwenye Ukingo wa Thim, aliyoitoa mwaka 1988, inatokana na mzozo halisi wa mazishi uliotikisa Kenya baada ya wakili S. M. Otieno kufariki Desemba 1986: mke na ukoo walishtakiana juu ya mahali pa kumzika, na maiti ilikaa miezi bila kaburi hadi Mei 1987. Kitabuni tunafuata maneno ya wanaogombana. Jukwaani, mwongozaji analazimika kuamua mjane aketi wapi wakati wengine wanampangia maisha, na ageuze uso upande gani. Uamuzi huo ni uhakiki tosha wa fasihi, na mwanafunzi anaweza kuujadili akiwa ameuona.

Lakini atauona wapi? Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Mwanafunzi wangu mwenye bando la kutosha anaweza kumwona Shylock akibatizwa London. Akitaka kumwona Kinjeketile, mhusika wa tamthiliya ya Hussein yenye jina hilo, akiingia mto Rufiji, na watu wakibaki ukingoni wakimngoja, atapata nini? Vipande vilivyorekodiwa kwa simu kutoka nyuma ya ukumbi wa shule, sauti imemezwa na mwangwi, kichwa cha mtu kimeziba nusu ya picha. Nawashukuru waliovirekodi, maana bila wao tusingekuwa na chochote. Lakini Kinjeketile ilitoka mwaka 1969, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Mashetani, yake pia, ilifuata mwaka 1971. Ngoswe ya Edwin Semzaba wameisoma wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wasiohesabika. Hizi ndizo kazi zetu za kale sasa, na tunazifundisha kana kwamba ziliandikwa ili zisomwe kimya.

Uwezo tunao. Bagamoyo kuna TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, yenye jukwaa na vijana wanaosomea sanaa za maonyesho. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa hizo tangu miaka ya 1960, na Hussein mwenyewe alipitia hapo. Wapo wapiga picha wanaorekodi harusi kwa kamera tatu na taa zinazostahili ukumbi wowote. Kinachokosekana ni mtu wa kuketisha pande hizi mezani, kuwalipa waandishi au warithi wao haki zao, na kugharimia majuma machache ya mazoezi. Gharama hiyo ni ndogo mno kando ya fedha ambazo wazazi humwaga kila mwaka kwenye pamfleti.

Wakianza, nina ombi moja la kiufundi. Pamoja na kamera za karibu, iwekwe moja nyuma isiyosogea, inayochukua jukwaa zima tangu mwanzo hadi mwisho bila kukatwa, na picha yake itolewe pia kwa shule. Haitakuwa ya kuvutia. Waigizaji wataonekana wadogo. Lakini mwalimu wa Liwale, mwenye projekta ya kuazima na umeme wa saa mbili, ataweza kuwaambia wanafunzi wake wachague wenyewe wa kumtazama.